Ruzuku ya umeme ikipunguzwa, tuulize nani kazima taa

Ndugu mhariri,

Naomba nafasi niongelee hii habari ya kupunguza ruzuku ya umeme, maana nchi zetu hizi zinazoendelea zikishabanwa na madeni hicho ndo kitu cha kwanza kuguswa, alafu wataalamu wanatoka wanasema bei ikipanda watu watabana matumizi. Kweli yanashuka, sibishi. Ila yanashuka kwa nani? Shirika la umeme likitangaza uniti zilizouzwa zimepungua, ile namba haisemi kama kuna mtu kazima kiyoyozi kilichokuwa kinapuliza chumba kitupu au kuna mama karudi kwenye mkaa na mtoto wake anasomea kibatari.

Miezi ya mwanzo wenye uwezo hawapunguzi sana, friji ni ileile, pampu ileile, mtu ananung'unika lakini analipa. Kubana matumizi kwa maana nzuri kunakuja taratibu, vitu vikichakaa watu wananunua taa za LED na friji isiyokula umeme, viwanda vinabadilisha mota. Sasa hayo yote yanataka hela ya kuanzia, na asiyekuwa nayo njia yake ni moja tu, anaacha kutumia.

Mtaniambia mbona maskini wamewekewa bei nafuu kwa uniti za mwanzo. Ni kweli, na Afrika Kusini wameenda mbali zaidi, kuna uniti 50 za bure kwa mwezi kwa kaya maskini. Lakini hebu angalieni nyumba za kupanga, familia nne tano mita moja, kila familia inatumia kidogo sana ila ukijumlisha mita inavuka kile kiwango, basi wote wanalipishwa bei ya juu kama mwenye nyumba kubwa na hita ya maji kila bafu, na huku mtu mmoja mwenye nyumba ya pili anayoenda wikiendi tu anapata bei ya maskini kwa sababu mita yake haisogei. Yani hili linaniuma kuliko yote, kwa sababu anayepanga bei anaiona mita tu, waliopanga nyuma ya ile mita hawaoni.

Nigeria Aprili 2024 walianza kwa njia tofauti, wakapandisha kwa wateja wa kundi A tu, wale wanaotakiwa kupata umeme saa 20 au zaidi kwa siku, uniti moja ikatoka kama naira 68 hadi 225. Kelele zilikuwa nyingi, hospitali na vyuo vililalamika, ila mi naona wazo la kufunga bei na huduma lina haki ndani yake, mradi huduma ifike kweli, maana kumwongezea bei mtu ambaye umeme unakatika kila jioni ni kumfukuza tu akanunue jenereta.

Na wakubwa wanajua kuondoka. Pakistan bei zilipopanda wenye paa na mtaji walikimbilia sola, mwaka 2024 peke yake waliagiza paneli za karibu gigawati 17. Ni umeme safi, siupingi, lakini mikataba ya kulipia mitambo ya gridi inabaki palepale, umeme utumike usitumike, kwa hiyo gharama inagawanywa kwa wateja waliobaki, na waliobaki wengi ni wale wasio na paa lao. Bei inapanda tena, wengine wanaondoka tena, na wengine wanajiunganishia kinyemela kwenye nguzo, hapo umeme unatumika kama kawaida ila hauonekani kwenye hesabu.

Sisemi ruzuku ibaki ilivyo, kwa sababu kwa mfumo wa kila uniti kulipiwa nusu na serikali, anayetumia nyingi ndo anakula ruzuku nyingi. Ninachotaka kabla ya kuigusa kila mpangaji apate mita yake ndogo, ratiba ya kupandisha bei itangazwe mapema watu wajipange, na sehemu ya hela itakayookolewa iende kwenye vifaa visivyokula umeme kwa kaya za chini. Na nyie waandishi, mkipewa ile taarifa ya matumizi kushuka, msiichape hivyo hivyo. Dai mgawanyo: wanaotumia chini ya uniti 50 wamepunguza kiasi gani, wanaotumia zaidi ya 500 kiasi gani, na mita ngapi hazijanunuliwa umeme kabisa tangu bei ipande.

Msomaji wenu