Nekesa, kabla hujaingia kwa hicho chombo

Nekesa mama,

Voisi noti yako tumeisikiliza yote, mimi na mamako, na ameniachia mimi nijibu juu yeye akishika simu ataanza kulia badala ya kuongea. Umesema kuna watu huko St. John's, Kanada, wana chombo kipya cha kuzama, wanatafuta wahandisi vijana wa kufanya kazi kwa meli yao, na ukienda nao vizuri wanaweza kukushusha mpaka kwa Titanic bila kulipa hata senti. Najua hio ni kitu gani kwako. Tangu tukupeleke Fort Jesus ukiwa primary, ukaona vile vyombo wapiga mbizi walitoa kwa ile meli ya Wareno iliyozama hapo chini ya ngome mwaka wa 1697, hujawahi kuongea juu ya kazi ingine. So sikuandikii kukukataza. Umeshakuwa mtu mzima na hio ndio kozi umesomea. Nakuandikia juu presha ndio imetulisha hii nyumba miaka yote, na mahali presha inaongelewa siwezi kaa kimya eti kwa sababu mtoto wangu amefurahi.

Wacha nianze na namba, wewe ni mtu wa namba. Titanic imelala karibu mita 3,800 chini. Kila mita 10 unaposhuka, maji yanakuongezea presha sawa na hewa yote inayotukalia hapa juu, kwa hivyo huko chini unaongelea karibu mara 380. Sasa hizi boila, yale matangi ya mvuke ninayohudumia hapa Industrial Area, nyingi zinafanya kazi na mara 10 hivi, hio tu, na bado sheria inataka mkaguzi aje kila mwaka. Tunaizima, tunangoja ipoe, tunafungua milango yote, mzee anaingia ndani na tochi na nyundo ndogo anagonga akisikiliza mlio, anapitisha kidole kwa weldi, penye ana wasiwasi anapaka ile rangi nyekundu inaingia kwa nyufa, anapangusa, anapuliza unga mweupe, na kama kuna ufa unaona mstari mwekundu unatoka polepole penye macho yako yalikuwa yameona chuma kizima. Halafu tunaijaza maji tunaisukuma kupita presha yake ya kazi na tunakaa tukiangalia geji. Nimewahi kuona boila ikikataliwa juu ya mstari mmoja mfupi kuliko kidole changu. Mwenye kiwanda alipiga makelele, oda zinangoja, wafanyikazi wamekaa bure, mkaguzi akasikiliza yote, akaandika, akafunga faili akaenda. Mshahara wake haukuwa unatoka kwa huyo mwenye kiwanda, na hapo Nekesa ndio nataka ukae na mimi kidogo.

Titan, kile chombo cha kuzama kilichopotea na watu wakienda kuona Titanic, ilitoka bandari hio hio unayopita kila siku. Tarehe 18 Juni 2023 walikuwa juu ya Titanic na meli yao ya Polar Prince, watu watano wakaingia, wakafungiwa na bolti kutoka nje, wakaanza kushuka, na baada ya kama saa moja na dakika 45 mawasiliano yakakatika. Dunia nzima ilikaa siku nne ikihesabu oksijeni yao. Hakukuwa na oksijeni ya kuhesabu. Tarehe 22 roboti ilifika chini ikapata vipande, karibu mita 500 kutoka kwa pua ya Titanic. Maji yalikuwa yameponda kile chombo kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, na hilo ndilo jambo la pekee linalonipa nafuu nikifikiria yule kijana wa miaka 19 aliyekuwa amekaa hapo ndani na babake. Sijui kama unaelewa vile mzazi anasoma hio habari.

Watu walicheka sana ati chombo kinaendeshwa na kidude cha kuchezea gemu. Hio haikuua mtu, hata wanajeshi wa majini wanatumia vidude kama hivyo kwa kazi zao. Kilichowaua ni mwili wenyewe wa chombo. Ulikuwa bomba pana la kaboni faiba lenye vifuniko vya titaniamu huku na huku. Kaboni faiba ni nzuri sana ukiivuta, ndio unaiona kwa ndege, lakini hapa ilikuwa inabanwa kutoka kila upande, tabaka juu ya tabaka zimeshikwa na gundi, na kila safari ya chini inabana na kuachilia, inabana na kuachilia. Chuma kikichoka tunajua kinachoka aje, kuna miaka mingi ya watu kukipima na kuandika. Hii haikuwa na hio historia kwa kina kama hicho na watu ndani. Na mwenye kampuni, Stockton Rush, hakutaka shirika lolote la kukagua vyombo likitazame na kukipa cheti, alisema mambo ya vyeti yanachelewesha ubunifu.

Na waliambiwa. Hio ndio inaniuma zaidi. Mwaka wa 2018 David Lochridge, mtu wao wenyewe aliyesimamia kazi za baharini, aliandika ripoti juu ya hatari alizoona, akafutwa kazi. Mwaka huo huo wataalamu zaidi ya 30 wa vyombo vya kuzama waliandika barua kuonya kwamba hio njia yao inaweza kuleta maafa. Mwili wa kwanza ulipata ufa, wakautupa, wakatengeneza mwingine. Halafu Julai 2022, chombo kikipanda kutoka kwa Titanic, waliokuwa ndani wakasikia mlio mkubwa. Kubwa, kama kishindo. Wakaambiana ni mwili umejikalia vizuri kwa fremu. Vipimo vilivyokuwa vimefungwa kwa mwili vilianza kuonyesha tofauti baada ya hapo, ziko kwa rekodi, na mtu yeyote wa kazi yetu akiona geji imebadilika tabia baada ya kishindo anazima kila kitu. Wao waliacha chombo nje hapo St. John's baridi yote, kwa barafu, na mwaka uliofuata wakakishusha tena. Walinzi wa Pwani wa Marekani walichunguza miaka miwili, na ripoti yao ya Agosti 2025 ilisema wazi kwamba hayo maafa yangeweza kuzuiwa, na kwamba huko ndani wafanyikazi walikuwa wanaogopa kufutwa wakiongea.

Sasa unaniambia hao watu wako wako poa, ni wataalamu, wameenda chini mara nyingi. Mama, yule mzamiaji Mfaransa Paul-Henri Nargeolet alikuwa ameshuka kwa Titanic mara 37. Thelathini na saba! Hakuna mtu alijua hio meli kumliko, na alikuwa ndani ya Titan. Ujuzi wake haukuongeza hata milimita moja kwa ukuta wa kile chombo.

Ndio sikubaliani na wanaosema watu wasiende kabisa. Robert Ballard, mmoja wa walioigundua Titanic, alishuka na chombo kinachoitwa Alvin mwaka wa 1986, na Alvin inazama tangu 1964, mviringo wa titaniamu, kila miaka kadhaa wanaifungua yote mpaka fremu wanakagua kipande kwa kipande. Victor Vescovo amefika chini kabisa ya bahari, karibu kilomita 11, na hio Titanic amefika mwaka wa 2019, kwa chombo chenye ukuta wa titaniamu wa sentimita 9 kilichopewa cheti na shirika la nje. Hawa wanaenda na wanarudi. Hata kwa chombo kizuri bado kuna mambo, mikondo ya maji huko chini ina nguvu, mwaka wa 2000 chombo cha Warusi kilisukumwa kikakwama kwa propela ya Titanic kikiwa na watu ndani na walitoka kwa kusukumana mbele na nyuma. Na redio haifanyi kazi chini ya maji, GPS haifanyi, uko na ujumbe mfupi tu wa sauti unaopita majini.

Na ukikwama, nani anakuja? Watu waliookolewa kutoka kina kirefu zaidi kwa chombo kama hicho ni wale Waingereza wawili wa chombo cha Pisces III mwaka wa 1973 karibu na Ireland, mita 480 hivi, na ilichukua zaidi ya siku tatu. Unakumbuka Likoni, Mombasa, 2019, ile gari iliteleza kutoka kwa feri na mama na mtoto wake ndani. Ulikuwa unaniuliza kila jioni kama wamepatikana. Jeshi la majini lilikuwa hapo, wapiga mbizi kutoka nje walikuwa hapo, nchi yote inaangalia, na ilichukua siku 13 kuitoa. Hio ilikuwa mita 58.

Nikuambie pia kitu cha kufurahisha ndio usifikirie babako anaona tu kaburi. Usiku ule wa 1 Septemba 1985, Ballard na Jean-Louis Michel wakivuta kamera yao ya Argo juu ya matope, kitu cha kwanza cha Titanic kilichoonekana kwa skrini ilikuwa boila. Zilikuwa 29 ndani ya hio meli. Na wale maafisa wa injini wote walikufa, hakuna hata mmoja alirudi, juu walibaki chini wakishikilia stima ndio taa ziendelee kuwaka na watu waone njia ya kufika kwa mashua, na taa ziliwaka mpaka dakika za mwisho. Nikiwa na nafasi ningetaka kuziona hizo boila kwa macho yangu. Kwa hivyo naelewa unachotaka, naelewa kabisa.

Nikuombe hivi. Kabla usaini kitu, waulize hao watu chombo chao kimepewa cheti na shirika gani, la kina cha mita ngapi, na hicho cheti kinaisha lini. Waulize mwili umetengenezwa na nini na umeshashuka mara ngapi, na kama umepimwa bila watu ndani kupita kina cha Titanic. Waulize pia, kama wewe Nekesa, mdogo kuliko wote kwa hio meli, ukisikia mlio usioujua na useme leo hatushuki, nani ana ruhusa ya kukupuuza. Angalia uso wa anayejibu. Wakikuambia ni siri ya kampuni, chukua koti yako utoke, kazi ya bahari haijaisha, mwaka wa 2022 waliipiga Titanic picha zaidi ya 700,000 na roboti tupu, hakuna mtu alishuka, na mtu wa kuunda hizo roboti ni mtu kama wewe.

Na wakikupa cheti, kipige picha pande zote mbili unitumie. Nitakaa nacho na yule mkaguzi wetu, amestaafu lakini bado anapita kiwandani Ijumaa, tukisome laini kwa laini, na tukiridhika nitakuambia nenda na nitaongea na mamako mwenyewe. Usijibu na emoji. Nipigie Jumapili baada ya kanisa, huku kwetu itakuwa jioni, na umpe mamako dakika zake kwanza kabla tuanze mambo ya presha.

Babako