Kwa mdogo wangu, kabla ya Jumatatu

Mdogo wangu,

Nasikia umeapa mbele ya mama kwamba kuanzia Jumatatu hugusi tena mnazi wala chang'aa. Nimefurahi, na nimeogopa. Tangu tumzike kaka yako unaamka mikono ikitetemeka, na hutulii mpaka upate ya asubuhi. Mwili uliofika hapo haukatizwi pombe ghafla nyumbani. Muda wa saa 6 hivi ukipita baada ya kikombe cha mwisho, huanza jasho, moyo kwenda mbio na kutapika. Degedege, likija, mara nyingi huja ndani ya siku 2 za mwanzo. Kati ya siku ya 2 na ya 4 wengine huona wadudu ukutani, huweweseka na kushikwa na homa, na wasipotibiwa wanaweza kufa. Kwetu watasema ni marehemu anakuita.

Hospitalini kwa kawaida hutoa vidonge vya kutuliza, diazepamu, dozi ikipunguzwa siku baada ya siku, na sindano ya thiamini, yaani vitamini B1, kabla ya dripu ya glukosi. Glukosi peke yake, mwili ukiwa umeishiwa B1, inaweza kuumiza ubongo. Kwa hiyo ukiulizwa unakunywa kiasi gani, sema chote, hata cha alfajiri. Usijinunulie vidonge hivyo ukavichanganya na pombe, maana pumzi inaweza kukatika. Mpaka siku ya kwenda hospitali, usiache ghafla na usiongeze.

Ile jioni chini ya mwembe siisahau. Kaka yako alisema amechoka, kwamba sote tungepata nafuu asingekuwepo. Baba mdogo akacheka, "Ni pombe inaongea," akainamisha dumu akamjazia mpaka povu likamwagikia vidoleni. Mkacheka. Wewe pia ulicheka.

Pombe huzidisha huzuni na humwondolea mtu woga unaomzuia, ndiyo maana mlevi akitaja kufa asikilizwe zaidi. Nilipomuuliza waziwazi kama anafikiria kujiua, mlisema namtia mawazo. Swali hilo halimtii mtu mawazo. Humpa nafasi ya kusema alichokibeba. Ningeliuliza tena leo, mbele ya wazee wale wale. Shangazi alitaka tumpeleke hospitali, mkamtisha na polisi! Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kiliadhibu jaribio la kujiua, hakikuwahi kumfunga mtu kwa kusema amechoka. Na tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu ilikitangaza kuwa kinakiuka Katiba. Mwambie baba mdogo, kwa sababu mimi hanisikilizi.

Lakini kicheko chako hakikumuua kaka yako. Ulimpenda, ulimfulia nguo alipokuwa hawezi kusimama, ulimficha mama mengi. Kifo cha namna hii hakina sababu moja, na wewe hukuwa sababu.

Sasa nakuuliza wewe, kama nilivyomuuliza yeye: unafikiria kujiua? Aliyefiwa na ndugu hivi huwa hatarini zaidi kuliko wengine, na pombe huongeza hatari hiyo. Ukisema ndiyo, sitapiga kelele wala sitakuhubiria. Nitakaa nawe tusikuache peke yako, na hatutangoja Jumatatu. Usiku ukizidi, piga 1199 ya Msalaba Mwekundu, ni bure. Kwa mambo ya pombe kuna 1192 ya NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya. Dawa zote za shamba na za hospitali zifungiwe leo, ufunguo ukae kwa mama mkubwa, usiujue ulipo. Wazo la kufa mara nyingi hupanda kwa kasi kisha hushuka, na muda huo mfupi usikute kitu karibu.

Karibu tunafanya arobaini. Nimeshamwambia mama dumu lisiingie uani siku hiyo, na wanaonuna wanune.

Jumatatu saa 2 asubuhi nakungoja mlangoni mwa hospitali ya kaunti. Njoo na shangazi, usije peke yako, na ubebe kitambulisho, maana watakihitaji kwa SHA, bima ya afya ya serikali. Ukianza kutapika au kuweweseka kabla ya hapo, msingoje. Njooni usiku huo huo.