Kungoja na kukaa: barua kwa mfasiri mwenzangu

Mpendwa Zuhura,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Rasimu yako imefika, na swali uliloliandika pembeni nimeliona: kwa nini kila unapoweka "ngojea" mahali pa "abide" sentensi inapwaya? Ni kwa sababu kitenzi hicho cha Kiingereza, "abide", hakianzii kwenye kungoja, kinaanzia kwenye kubaki. Mtu haondoki alipo, na kungoja kunazaliwa humo humo katika kutoondoka kwake. "Wait" kina asili nyingine. Waingereza walikichukua kutoka Kifaransa cha kaskazini, na maana yake ya mwanzo ni kuchunga, kukesha, hata kuvizia. Huyo anangoja kwa macho. Wa "abide" anangoja kwa kuwapo palepale.

Mzizi wake ni "bide" ya Kiingereza cha kale. Leo Waingereza wengi wanaikumbuka katika msemo mmoja tu, wa mtu anayetulia akingoja wakati wake ufike, lakini Uskoti bado wanakuuliza unakaa wapi kwa kitenzi hicho hicho. Ndugu yake mwingine yumo katika mstari wa kwanza wa shairi la kale "The Wanderer", lililohifadhiwa katika kitabu cha Exeter kilichoandikwa kwa mkono karne ya 10. Mtu mpweke yuko hapo na neema ya Mungu, na wataalamu hawajakubaliana: anaingoja, au anaipata? Kitenzi kinabeba yote mawili. Ukiandika "hungoja neema" umemwacha mikono mitupu. Ukiandika "hujaliwa neema" umempa kabla hajateseka. Ningeandika "hukaa akiingojea neema, hata akajaliwa". Ni ndefu, lakini haidanganyi.

Sasa weka Biblia mbili kando kwa kando, ya Kiingereza ya 1611 na Union Version yetu ya 1952. Hakuna shule bora ya kitenzi hiki. Yohana 15:4 ni "Kaeni ndani yangu". Wakorintho wa kwanza 13:13 ni "inadumu imani, tumaini, upendo". Malaki 3:2 inauliza "ni nani atakayestahimili siku ya kuja kwake?" Na katika Matendo 20:23 Paulo anasema vifungo na dhiki "vyaningoja". Kwa Kiingereza kote huko ni "abide". Kwetu ni vitenzi vinne, na hakuna kinachoweza kuhamia mahali pa mwenzake.

Tazama kinachowatenganisha, kwa sababu ndicho utakachokitumia. Usitazame kitenzi, tazama nani yuko upande gani wake. Mtu akiwa pamoja na mtu au ndani ya kitu, ni kukaa. Ikiwa mtenda ni kitu kisichoshikika, kama imani, na hakuna mtendwa, ni kudumu. Mtu akielekezewa jambo zito, ni kustahimili. Pande zikigeuka, jambo zito likawa ndilo mtenda na mtu ndiye mtendwa, basi linamngoja. Hapo kwa Paulo ndipo makosa hutokea sana: mfasiri akishazoea "stahimili" anaandika kwamba Paulo anavistahimili vifungo, wakati vifungo bado viko mbele yake njiani.

Angalia pia ule mstari wa Wakorintho kwa karibu. Kitenzi kimetangulia watatu, na kimeafikiana na wa kwanza peke yake: "inadumu imani", i- ya imani, kisha wengine wanafuata. Kiingereza cha 1611 nacho kina kitenzi cha umoja mahali hapo hapo. Mhariri akitaka kukugeuzia kuwa "imani, tumaini na upendo vinadumu", kataa. Sarufi itakuwa safi na mstari utakuwa umekufa.

Wimbo wa Henry Francis Lyte wa 1847 unaujua kwa jina letu, "Kaa nami". Kiingereza, "Abide with me", kina silabi nne, mkazo ukiwa kwenye ya pili na ya nne. "Kaa nami" nayo ina nne, lakini mkazo uko kwenye ya kwanza na ya tatu. Ingepaswa kugongana na muziki, ila tuni ya William Henry Monk ya 1861 inaanza na noti ndefu, mara mbili ya noti mbili zinazofuata. Kwa Kiingereza noti hiyo inaangukia silabi isiyo na mkazo. Kwetu inaangukia KA, mahali pake hasa. Gharama inalipwa kwenye "nami", kwa kuwa uzito wa muziki unashuka juu ya -mi. Ukifasiri nyimbo, imba mstari kabla hujauandika.

"Kaa" ina faida nyingine: inazaa "makazi" kama "abide" ilivyozaa "abode", na inasema pia kudumu, kama rangi inayokaa. Lakini usiiweke peke yake kuwa kichwa cha shairi, maana msomaji wa pwani ataona kaa wa baharini au kaa la moto. Na kwa kijana wa Nairobi "anakaa mgonjwa" ni anaonekana mgonjwa, kwa hiyo "anakaa mwenye huzuni" itasomeka vingine kabisa. Andika "amebaki na huzuni".

"Abode" yenyewe ni mtego: mara ni nomino, mara ni wakati uliopita wa kitenzi. Ikifuata mtenda moja kwa moja, ni kitenzi. "Abide" ikija na "by", ni kufuata au kuheshimu uamuzi, basi. Ikikanushwa kuhusu mtu, "hawezi kumstahimili" ni nzito mno. "Hataki hata kumsikia" inatosha. Usitumie "hawaivi chungu kimoja", kwa sababu hiyo ni chuki ya pande mbili.

Katika tamthilia za Shakespeare kuwa macho zaidi. Brutus anaposema, baada ya kumuua Kaizari, kwamba mtu yeyote asi-"abide" tendo lile ila wao waliolitenda, hakuna kukaa wala kungoja. Hapo kitenzi kimechanganyikana na kingine cha kale, "aby", chenye maana ya kulipia. Andika "asililipie".

Amebaki mvuvi wako wa ukurasa wa 12, ambaye ame-"abide" maji kujaa. Maji si jambo la kustahimili, na "aliyangoja maji" inamfanya aonekane ana haraka. Tumia vitenzi viwili na -ki- katikati: "Alikaa palepale akingoja maji yajae." Kisha nitumie ukurasa wa 13.

Wasalaam,
Mwenzako katika kazi