Zuhura, anza na mndimu wako

Tanga, mwanzoni mwa Oktoba

Shoga yangu Zuhura,

Salamu nyingi. Umeniuliza uanzie wapi kuwaangalia vipepeo. Anza na mndimu wa uani kwako, tena kabla vuli haijashika. Mvua ikinyesha utachipua, na kipepeo wa michungwa, yule mweusi mwenye mabaka ya manjano hafifu asiye na mikia, hutaga kwenye majani machanga. Kwenye majani yaliyokomaa utajichosha bure.

Mayai yake hukaa moja moja: duara, manjano hafifu, milimita moja hivi. Kwenye joto letu huanguliwa baada ya siku 4 hadi 6. Kiwavi mchanga ni wa hudhurungi mwenye baka jeupe, utadhani kinyesi cha ndege, na ndege nao hudhani hivyohivyo. Hujivua ngozi mara nne; baada ya ile ya nne anakuwa kijani. Ukimgusa huchomoza pembe mbili laini nyuma ya kichwa zenye harufu kali. Hawashi. Wenye manyoya ndio wa kuwaogopa, hao usiwashike.

Ukitaka kuwafuga, wanne wanatosha, maana mkubwa mmoja humaliza majani kadhaa kwa siku. Chukua mayai, usichukue viwavi wakubwa: wengi wao wameshatagiwa na nyigu au nzi, na badala ya kipepeo utapata funza. Tumia ndoo ya lita 10, chini gazeti, juu chandarua. Lakini angalia, chandarua kisiwe cha dawa! Dawa inayoua mbu huua na kiwavi. Tawi liweke kwenye kichupa cha maji, mdomo uuzibe kwa pamba wasije wakazama. Kinyesi kitoe kila siku, kikilowa huleta ukungu. Na majani yatoke kwenye mti usiopuliziwa dawa.

Akiacha kula, akaharisha majimaji na kuzurura, anatafuta pa kujifunga. Msimamishie kijiti kikavu. Atajishika kwa mkia na uzi mmoja kiunoni, kisha awe pupa, yaani hatua ya kutulia ndani ya ganda kabla ya kuwa kipepeo, wa kijani au wa kahawia kufuatana na mahali alipo. Hapo hali wala hatembei, ndiyo maana wafugaji wa vipepeo wa Gede huko Kenya huwasafirisha wakiwa pupa. Usimbandue. Kwenye joto hutoka baada ya wiki mbili hivi. Wakati wa kipupwe anaweza kukawia sana, usimtupe. Pande zote pawe na nafasi, kwani mbawa zisipopata nafasi ya kuning'inia hukauka zikiwa zimekunjamana.

Kwenye daftari andika tarehe, mvua, majani mapya, mayai, viwavi. Masika ndiyo yatakayokushughulisha. Januari na Februari kurasa zitakuwa karibu tupu. Ukienda Lushoto mtafute Precis octavia: wa mvua ni mwekundu wa chungwa, wa kiangazi ni wa bluu, na ni kipepeo yuleyule. Joto alilokulia kiwavi ndilo huamua rangi.

Kaskazi ikikausha kila kitu, mwagilia mndimu ndoo mbili jioni, mara mbili kwa wiki. Ukichipua, kagua kila asubuhi upande wa chini wa majani pia, maana vipepeo wachache waliobaki hawana pengine pa kutaga.

Wasalimie watoto.

Shoga yako,
Mwanahamisi