Barua ya Malalamiko: Zichukueni Namba Tusizoziomba

Lewiston, Maine

Kwa Mkuu wa Idara ya Wateja wa Biashara

Ndugu Mkuu wa Idara,

YAH: NAMBA 94 ZA SIMU TULIZOPEWA BILA KUZIOMBA, NA ONYO LENU KWAMBA NAMBA ZA 207 ZINAKWISHA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwenye ofisi ndogo ya ukalimani hapa Lewiston, inayohudumia hospitali, shule na mahakama kwa Kiswahili, Kinyarwanda, Kirundi na Kilingala, na simu zetu zote zinapitia kwenu. Nimeandika kwa Kiswahili kwa kuwa tangazo lenu la huduma linasema mteja anaruhusiwa, nami nimeona nilijaribu neno hilo. Lalamiko langu ni hili: tuliomba namba sita mkatupa mia moja, tumetaka kuwarudishia tisini na nne mkakataa kuzipokea, kisha mkatutumia ankara yenye onyo kwamba namba za msimbo wa 207, yaani tarakimu tatu za eneo zinazotangulia kila namba ya Maine, zinakaribia kwisha na kwamba wafanyabiashara tujiandae kwa msimbo wa pili wa eneo.

Fomu ya maombi tuliyojaza ilitaja namba ya mapokezi, namba moja kwa kila lugha kati ya lugha zetu nne, na namba ya dharura za usiku. Mkataba uliporudi ulikuwa na kifurushi cha namba mia, na wakala wenu alieleza kwamba kwa ofisi za biashara hakuna kifurushi kidogo kuliko hicho. Tukifungua ukurasa wa akaunti yetu tunaona orodha ndefu inayoanzia namba inayoishia na 00 hadi inayoishia na 99: mistari sita ina alama ya kijani, na iliyobaki yote ni ya kijivu, kila mmoja ukiwa na jina la ofisi yetu kana kwamba kuna mtu ameketi nyuma yake anangoja kupigiwa. Baadhi ya hizo za kijivu huita kweli, kwa sababu zilikuwa za watu wengine kabla yetu. Mapokezi wetu amekwisha kuzoea kumweleza mzee mmoja mwenye hasira kwamba fundi bomba anayemtafuta hayupo hapa na hajawahi kuwapo. Kila namba hutozwa ada yake mwishoni mwa mwezi, iwe inatumika au imelala.

Ada hiyo ningeweza kuivumilia kama kusingekuwa na jambo la pili. Tulipompata mkalimani wa Kireno kwa ajili ya ndugu zetu waliotoka Angola, tuliomba moja ya zile namba tisini na nne ifunguliwe kwa ajili yake. Tukajibiwa kwamba mkalimani anayetumia simu ya mkononi huingia kwenye kifurushi kingine, na akapewa namba yenye tarakimu tatu za mwanzo tofauti kabisa na zetu, kutoka bunda (fungu la namba elfu moja zinazofuatana) ambalo wakala mwenyewe alituambia kwa furaha kuwa ni jipya na kwamba mkalimani wetu ndiye mteja wa kwanza ndani yake. Sijui kama wakala huyo alitambua alichokuwa akikisema. Kanuni za Tume ya Shirikisho ya Mawasiliano (FCC) zinaitaka kampuni ya simu igawe kwanza namba zilizopo ndani ya bunda la elfu moja lililokwisha kufunguliwa kabla ya kufungua lingine, isipokuwa pale ambapo ombi mahususi la mteja haliwezi kutimizwa kwa namba zilizopo. Ombi letu lingeweza kutimizwa mara tisini na nne.

Sasa niligeukie onyo lenu. Mmeandika kwamba namba zinakwisha kwa sababu ya ongezeko la watu na vifaa. Msimbo mmoja wa eneo katika mpango wa namba wa Amerika Kaskazini una nafasi ya vichwa 792, yaani tarakimu tatu zinazofuata msimbo wa eneo, na kila kichwa kina namba 10,000, yaani jumla ya namba 7,920,000. Jimbo la Maine katika sensa ya mwaka 2020 lilihesabiwa kuwa na watu 1,362,359. Hata tukimpa kila mtu namba tano, pamoja na mtoto aliyezaliwa jana katika hospitali tunayoitafsiria, bado namba zaidi ya milioni moja zitabaki. Siwezi kukubali kwamba jimbo hili limezidiwa na watu. Namba zipo, lakini zimefungiwa ndani ya maghala ya makampuni, na wala si siri jinsi zilivyoingia humo.

Tangu mwaka 1947, mpango huo ulipoanza na misimbo 86, Maine nzima imekuwa chini ya 207. Namba ziligawiwa kwa makampuni katika mafungu ya 10,000, yaani kichwa kizima, na kwa kila eneo la kutozea simu, yaani kila eneo dogo linalotumika kukokotoa gharama za simu. Utaratibu huo haukuwa na madhara makubwa wakati mji ulipokuwa na kampuni moja ya simu. Sheria ya Mawasiliano ya mwaka 1996 ilipofungua soko, kila kampuni mpya iliyotaka kuhudumia maeneo thelathini ilihitaji mafungu thelathini, yaani namba 300,000, hata kama ilikuwa na wateja mia mbili tu. Nyinyi mnafahamu vizuri kuliko mimi kisa cha hapahapa Maine, ambapo kampuni moja ilikuwa imejichukulia vichwa zaidi ya hamsini katika maeneo ambayo haikuwa ikiyapa huduma ya kawaida ya simu za mtaani, mpaka Tume ya Huduma za Umma ya Maine ikaamuru mwaka 2000 kwamba vichwa hivyo virudishwe. Namba zaidi ya nusu milioni zilikuwa zimekaliwa na kampuni moja katika jimbo lililokuwa likiambiwa, kama tunavyoambiwa leo, kwamba limeishiwa.

Dawa yake ilipatikana, na ilifanya kazi. Eneo la 847, kaskazini mwa Chicago, lilianza mwaka 1998 kugawa namba kwa mabunda ya elfu moja badala ya elfu kumi, na msimbo wa pili, 224, ambao ulikuwa umekwisha kuandaliwa, haukuhitajika mpaka Januari 2002. Septemba 1999 FCC iliikasimu Maine mamlaka ya kuchukua hatua za namna hiyo, na mwaka 2000 tume hiyo ikaweka kanuni za nchi nzima: mabunda ya elfu moja yaliyo wazi yarudishwe katika ghala la pamoja ili kampuni nyingine ziyatumie, namba zihesabiwe na kuripotiwa mara mbili kwa mwaka, na kampuni inayotaka namba zaidi ionyeshe kwanza kwamba ilizonazo inazitumia. Tangu hapo tarehe ya kwisha kwa 207 imesogezwa mbele mara kadhaa. Ninyi mnaitaja tarehe hiyo kwa wateja kama watu wanaotabiri mvua, ilhali mkono wenu umo ndani yake.

Naomba tusimame kidogo kwenye hesabu ya bunda letu, maana hapa ndipo penye uzito wa barua hii. Kanuni inasema bunda ambalo namba zake zilizotumika hazizidi asilimia 10 linaweza kurudishwa katika ghala la pamoja, na wateja wachache waliomo wakabaki na namba zao bila kusumbuliwa. Bunda lenye namba sita za ofisi yetu ni bunda la kurudishwa. Lakini bunda lilelile likiandikwa kwamba ofisi yetu ina namba mia, limefika asilimia 10 kamili, na akitokea mteja mwingine mmoja tu mwenye namba moja, elfu nzima inabaki mikononi mwenu. Zaidi ya hayo, namba hizo 94 zikiingizwa katika ripoti kama namba zilizogawiwa, kiwango chenu cha matumizi kinapanda, na kiwango kikipanda mnapata haki ya kuomba mabunda mengine. Kifurushi kisichokuwa na faida yoyote kwa mteja kinakuwa na faida kwa aliyekitoa. Sisemi kwamba ndivyo mlivyokusudia. Nasema kwamba ndivyo inavyofanya kazi, na kwamba kanuni hiyohiyo inaielezea namba iliyogawiwa kuwa ni ile inayofanya kazi kwa ombi la mteja, au yenye ombi la mteja linalosubiri kwa siku zisizozidi tano. Ombi letu mnalo kwenye faili, na lina namba sita.

Wakala wenu alinijibu kwamba msimbo wa pili haumdhuru mtu, kwa kuwa siku hizi msimbo mpya hulazwa juu ya ule wa zamani na kila mtu hubaki na namba yake. Hilo ni kweli, na lina nafuu kuliko zamani, maeneo ya misimbo kwingineko yalipokatwa vipande na sehemu ya watu wakabadilishiwa namba. Hata hivyo, msimbo wa pili ukiwekwa, simu ya jirani kwa jirani italazimika kupigwa kwa tarakimu kumi. Wenzetu wa New Hampshire wana msimbo mmoja tu wa 603 na bado walilazimika kuingia katika tarakimu kumi mnamo Oktoba 2021, lakini wao walikuwa na sababu inayostahili, nayo ni kuipisha namba ya taifa ya 988 inayowasaidia watu walio katika hatari ya kujiua. Sisi tungeingia humo kwa sababu ya vifurushi.

Wateja wengi wa ofisi yetu ni wazee waliotoka Kivu na Burundi, na miongoni mwao wako mama zetu wasiojua kusoma ambao wameikariri namba yetu ya dharura kwa tarakimu saba, wakaifundisha na wajukuu. Mama mmoja huitamka kwa mdundo, tatu kisha mbili kisha mbili, akibonyeza simu ya mezani bila kuitazama. Kuwafundisha upya inawezekana, na tutafanya hivyo siku ambayo namba zitakuwa zimekwisha kweli. Pia kuna wageni wanaowasili sasa, ambao ndio watakaopewa msimbo usiojulikana: watampigia mwenye nyumba au mwajiri, naye akiona tarakimu tatu asizozizoea ataiacha simu iite, kwa kuwa watu wa hapa wamefundishwa na matapeli kutopokea namba ngeni. Watu wa Maine wanavaa fulana na kofia zenye 207. Anayeanza maisha hapa naye angependa kuonekana kuwa ni wa hapa, angalau kwenye kioo cha simu.

Kwa hiyo naomba mambo yafuatayo yatekelezwe, na yajibiwe kwa maandishi badala ya simu. Kwanza mzipokee namba 94, muziondoe katika jina la ofisi yetu na katika ripoti yenu ijayo, na mturudishie ada zote mlizotoza kwa ajili yake tangu mkataba ulipoanza. Msitutoze ada ya kuvunja mkataba, kwa kuwa hatuvunji mkataba. Namba zetu sita tunazihitaji na tutaendelea kuzilipia. Mkalimani wetu wa Kireno apewe namba kutoka katika bunda letu, ikiwa bado hajawapa watu wengi ile mpya, nayo ile mpya irudi ilikotoka pamoja na bunda lake. Kuhusu mabunda yenyewe, nataka kujua kama bunda letu lilikwisha kuangaliwa kwa ajili ya kurudishwa katika ghala la pamoja, na kama halikuangaliwa, ni kwa sababu gani. Ikiwa namba hizo mmezipata kupitia kampuni nyingine ya simu, semeni hivyo na muitaje kampuni hiyo, ili nijue pa kuelekeza swali. Na kifurushi cha lazima cha namba mia kiondolewe kwa ofisi ndogo zote, si kwetu tu, kwani nina hakika kwamba katika mtaa huu wa Lisbon Street peke yake duka la vitambaa, kinyozi na mhasibu wanalipia namba ambazo hawajawahi kuzisikia zikiita.

Nitasubiri jibu lenu kwa siku thelathini tangu mtakapoipokea barua hii. Nisipolipata, nitapeleka nakala pamoja na vielelezo vyote kwa Tume ya Huduma za Umma ya Maine, ambayo inafuatilia namba za jimbo hili kwa mamlaka iliyokasimiwa na FCC, na nitaiomba ichunguze hesabu ya bunda letu kabla ya ripoti zenu za Februari na Agosti kupokewa kama zilivyo.

Nimeambatanisha nakala ya fomu yetu ya maombi, mkataba mliotuletea, ankara yenye onyo la msimbo mpya, na picha ya ukurasa wa akaunti unaoonyesha mistari sita ya kijani na ile ya kijivu. Namba sita tunazobaki nazo nimezipigia mstari kwa wino mwekundu; nyingine zote mnaweza kuanza kuzichukua leo.

Wenu katika biashara,

Mwenye ofisi ya ukalimani,
kwa niaba ya wakalimani wake