Risala ya klabu ya historia kwa mgeni rasmi, maonyesho ya mjusi wa Tendaguru

Mheshimiwa mgeni rasmi, mkuu wa shule, walimu wetu, wazazi, babu na bibi zetu mliotoka mbali, na nyie wenzetu mliojazana madirishani, asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na wengine wote hamjambo.

Karibu sana Lindi mheshimiwa. Jua la leo si la mchezo na turubai lenyewe la kuazima, kwa hiyo risala hatutaivuta kama zile za mahafali.

Unachoenda kukiona ukumbini ni utafiti wetu kuhusu mjusi aliyechimbwa Tendaguru, hapa hapa mkoani kwetu, yule dinosaria ambaye kila mtu hapa anajua yuko Berlin ila ukimuuliza alifikaje huko anaanza kukuna kichwa. Kukusanya habari hakukututesa sana, vitabu mwalimu alitutafutia na bando tulichangishana. Kazi ilikuwa kuzigeuza hizo habari ziwe kitu ambacho mama aliyetoka feri na ndoo yake ya samaki anaweza akasimama, akaangalia, akaelewa na akaendelea na safari yake.

Mwanzoni tulikuwa na manila zimejaa maandishi juu mpaka chini. Tukawaita form one na mama zetu wanaouza vitafunwa getini waje waangalie, sisi tukakaa pembeni kimya tunawachora tu. Wote walienda moja kwa moja kwenye picha, aya hakuna aliyeimaliza, na bibi mmoja akatuuliza, wajukuu zangu, barua yote hii mmemwandikia nani? Basi jioni ile ile tukashika mkasi. Sasa kila ubao una swali moja juu, herufi za kusomeka kutoka mlangoni, na majibu mistari michache. Aliyeandika habari za miamba alinuna mpaka tukamwekea kaunta buku mezani, humo yamo yote yaliyokatwa, anayetaka kuzama azame.

Halafu kuna ile mita 13.27, ndio kimo cha yule mjusi alivyosimamishwa Berlin. Ukiiandika ukutani inabaki namba tu, nani anaijua kwa macho? Tukachukua kamba ya katani na futi kamba, tukapima, na kamba imeanzia chini ya ubao ikatoka nje ya mlango hadi karibu na mkorosho. Na hiyo ni kwenda juu mheshimiwa, mkia hatujaugusa. Watoto wa praimari tangu asubuhi wanalala juu yake kujipima wanaingia wangapi, tumewaacha.

Ubao uliotugombanisha ni wa katikati. Kwanza ulikuwa na Bernhard Sattler, injinia wa madini aliyeiona mifupa mwaka 1906, na Profesa Eberhard Fraas aliyekuja mwaka uliofuata, kisha Werner Janensch na Edwin Hennig wa makumbusho ya Berlin, maana uchimbaji mkubwa ulikuwa 1909 mpaka 1913. Yote kweli. Ila mzazi mmoja aliyeletwa kuangalia alisimama pale muda mrefu, akasema, na waliobeba je? Pakawa kimya. Mzigo ulikuwa zaidi ya tani 200, kutoka Tendaguru mpaka bandari yetu hii ni kama kilomita 60, reli hakuna, lori hakuna, punda wasingehimili mbung'o, yaani ni vichwa na mabega ya watu, siku kama nne njiani, na nchi yenyewe ndio kwanza imetoka kwenye Majimaji na njaa yake. Mafundi wa kuchimba walikuwa na msimamizi wao, Boheti bin Amrani, na huyo kwenye toleo la kwanza alikuwa kwenye kona ya chini kwa herufi za sisimizi!

Sasa picha ya wapagazi ndio kubwa, iko katikati, Boheti juu, maprofesa wamesogea kushoto. Maelezo chini ya picha nayo yaliandikwa upya, yanaanza na waliobeba na walikokuwa wanaenda, na yanasema wazi kwamba majina yao hayakuandikwa kwenye picha. Kuna waliosema tumewaonea wazungu. Sisi tunaona hapana, wapo, ila hawajasimama mbele ya watu wengine.

Na anayeona tumefutafuta mno ajue Berlin nao wamefuta. Mwaka 1937 walimsimamisha mjusi mkia ukiburuta chini, miguu ya mbele imepinda viwiko nje, sayansi ikasogea, wakamfungua mfupa kwa mfupa, na 2007 akarudi miguu imenyooka, mkia uko hewani. Hata jina: Janensch alimwita Brachiosaurus brancai mwaka 1914, siku hizi wataalamu wengi wanamwita Giraffatitan. Ndio maana kibao cha jina tumekibana kwa pini, gundi hatujaweka.

Mifupa halisi hutaiona. Mwenzetu mmoja alileta jiwe anaapa ni mfupa, tukamwambia hata ungekuwa mfupa, Sheria ya Malikale ya 1964 ipo, rudisha ulipoliokota. Swali la mjusi atarudi lini pia hatukulijibia ubaoni, kuna daftari mlangoni kila mtu aandike anavyoona, na kwa kasi tuliyoiona asubuhi litajaa kabla ya adhuhuri.

Maombi yetu ni haya mheshimiwa. Manila kwa huu unyevu wa bahari zinajikunja usiku mmoja, tunaomba plaiwudi na rangi. Tunaomba gari litufikishe Tendaguru kiangazi hiki, maana wengi wetu tumeandika habari za mahali ambapo hatujapakanyaga na pako mkoani kwetu. Na tunaomba utusemee tupate meza Nanenane pale Ngongo, tujue wakulima watatukosoa nini.

Tunaomba kuwasilisha.