Kibaba cha Mfuto, Kibaba cha Tele: Salamu za Idi el-Fitri kutoka Tanga

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamooni wakubwa zangu, na wadogo zangu nawaitikia marahaba kabla hamjasalimu, maana najua usiku huu kila mtu ana haraka. Nawaandikia kutoka Tanga, mwezi umekwisha kuandama na kutangazwa, takbira zinasikika kutoka misikiti ya Ngamiani, na jikoni kwangu kuna nazi sita ambazo bado hazijakunwa. Taqabbala Allahu minna wa minkum. Mwenyezi Mungu azipokee funga zetu na visimamo vyetu, awaponye wagonjwa wetu, na awarehemu wale tuliofuturu nao mwaka jana ambao mwaka huu tumewasomea dua tu. Idi Mubarak.

Ramadhani hurudi nyuma kwa siku 10 au 11 kila mwaka wa kalenda ya maofisini, kwa hiyo mtu aliyeanza kuifunga kwenye joto la kaskazi atakuja kuifunga kwenye baridi ya kipupwe, na mzunguko wote huchukua takriban miaka 33 hadi mwezi urudi majira ulipoanzia. Mwaka huu mzunguko huo umenifikia. Ramadhani yangu ya kwanza nikiwa mke wa mtu ilikuwa majira hayahaya ya Machi, mawingu ya masika yameanza kujikusanya, mkaa una unyevu na hauwaki mpaka uupepee hata mkono uchoke. Ndiyo maana mwezi huu mzima, kila nilipoketi mbele ya jiko, nilikuwa na mama mkwe wangu, Mola amlaze pema, mwanamke wa Pangani ambaye hakuwahi kunifokea hata siku moja, na kutofokewa huko kulinifundisha kuliko fimbo.

Nilikuwa bibi harusi mpya na nilitaka wifi zangu wajue kwamba nimefundwa. Siku moja ya kumi la kwanza nikapika muhogo wa nazi, magimbi, ndizi mbichi kwa nyama, tambi za sukari, kaimati, vitumbua na uji wa pilipili manga, vyote kwa watu watano. Aliyefunga akiingia jikoni saa kumi jioni hupika kwa macho, na macho hayajui kushiba. Magharibi ilipoadhiniwa, tende tatu na bakuli la uji viliwamaliza watu, wakaonjaonja, wakaenda kuswali tarawehe. Friji hatukuwa nalo. Chakula chenye tui huchacha upesi, tena usiku wa joto la mvua, na nilipofunua sufuria ya muhogo wakati wa daku ilinipokea harufu ambayo siwezi kuisahau, na juu yake mapovu madogo meupe. Mama mkwe aliibeba sufuria ile mwenyewe hadi nyuma ya nyumba, akachimba shimo kwa jembe la mkono, akafukia, akanawa, akaketi kula daku yake ya wali kiporo na chai. Hakusema neno. Mimi daku ile haikunipita kooni.

Kesho yake alasiri aliniwekea mbele yangu kopo la bati lenye mkono wa waya. "Mwanangu," akasema, "hiki ni kibaba. Chakula chetu utapima mfuto. Cha mgeni na cha maskini utapima tele."

Vijana wengi wanaijua methali ya haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba chenyewe hawajapata kukishika, kwa hiyo niwaeleze. Vibaba vinne ndiyo pishi moja. Kibaba cha mfuto ni kile ambacho juu yake umepitisha kiganja au kijiti, mchele ukawa sawasawa na ukingo wa kopo. Kibaba cha tele ni kile kilichofanya kilima, punje zinaporomoka pembeni na huzirudishi. Miaka michache iliyopita, kwa udadisi tu, nilikipeleka kibaba changu kwenye mizani ya dukani, nikakuta kwamba cha mfuto kinachukua mchele wa gramu 650 hivi. Vinne vinapita kidogo kilo mbili na nusu, na hicho ndicho kiasi ambacho kwetu hutangazwa misikitini kila mwaka kuwa zaka ya fitri ya kichwa kimoja. Bati lile la jikoni na hukumu ya sheria vilikuwa vimepatana siku zote, wala mama mkwe hakuhitaji mizani ili kulijua hilo.

Kupima huku si ubahili, na hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo. Katika Sahihi ya Bukhari, kitabu cha hadithi, imepokewa kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, amesema tupime chakula chetu, tutabarikiwa ndani yake. Humo humo imepokewa kwa Bi Aisha, mkewe Mtume, Mwenyezi Mungu amridhie, kwamba Mtume alipofariki, nyumbani kwa Bi Aisha hamkuwa na cha kula isipokuwa shayiri kidogo iliyokuwa rafuni. Akala humo muda mrefu, hata siku moja akaipima, na ikaisha. Msomaji wa haraka ataziona hadithi hizi zinavutana. Wanazuoni wamezipatanisha, na katika maelezo yao moja ndilo linaloingia jikoni moja kwa moja: pima unachokitoa, unapokinunua, unapokiuza au unapokwenda kukipika, ila kilichobaki usikihesabu kwa wasiwasi wa kutaka kujua kitakufikisha lini.

Mama mkwe hakusoma vitabu hivyo, lakini ndivyo alivyoishi. Pipa lake la mchele lilikaa pembeni na mfuniko mzito, na alikuwa akiingiza mkono na kibaba bila kuinama kuchungulia. Si kwamba hakujua limefika wapi, kwa maana alilijua vizuri kwa sauti ya kopo likigonga ubavu wa bati, na siku sauti ile ilipobadilika alimwambia baba mkwe kwa upole, mapema, kabla ya dhiki. Alichokataa ni ile tabia, ambayo naiona mno siku hizi hata kwangu mwenyewe, ya kusimama mbele ya kabati tarehe 20 ya mwezi ukihesabu paketi na kuugua, halafu kwenda kupika bila kipimo chochote. Sisi tunahesabu kilichobaki na kumwaga kinachotoka, yeye alifanya kinyume chake.

Alikuwa na jambo jingine ambalo mpaka leo nalifanya. Kila alipopima vibaba viwili vya chakula cha siku, alirudisha ukufi mmoja, yaani mchele wa kujaa kiganja, kutoka kila kibaba, akautia katika debe dogo lenye mfuniko, na siku za ugali alitenga ukufi huo vilevile. Alianza baada ya Maulidi. Ukufi wangu mimi ni kama gramu 60, na aliyekaa kula hawezi kujua kwamba umepungua, lakini kwa miezi sita na siku kadhaa, kutoka Mfunguo Sita, yaani mwezi wa sita baada ya Ramadhani, hadi mwisho wa Ramadhani nyingine, debe hupindukia kilo 20. Nyumba ya watu saba imekwisha kupata zaka yake ya fitri bila mtu kukopa. Kwa kuwa mchele ukikaa huingia fukusi, na sadaka haitolewi kwa kile ambacho wewe mwenyewe ungekipokea kwa kufumba macho, alitia majani makavu ya mwarobaini, na kila mwezi, mchele wa zamani tuliula sisi, mpya ukaingia mahali pake.

Zaka hii iliwajibishwa mwaka wa 2 Hijria, mwaka uleule wa faradhi ya kufunga, na hutolewa kwa kila Mwislamu, mkubwa na mdogo, mwanamume na mwanamke, hata mtoto aliyezaliwa jioni ya leo kabla jua halijatua. Ni pishi moja ya chakula kinacholiwa na watu wa mahali, na kwetu pwani, tunaofuata madhehebu ya Shafi, tunatoa chakula chenyewe, yaani mchele, kabla watu hawajatoka kwenda kuswali Idi. Ibn Abbas, sahaba wa Mtume, amesimulia kwamba ni twahara ya mfungaji kutokana na upuuzi na maneno machafu, na ni chakula cha maskini. Kinachonigusa mimi ni kwamba haimngojei mtu awe tajiri. Ukiwa na ziada ya chakula cha usiku wa Idi na mchana wake, kwako wewe na unaowalisha, umeingia katika watoaji. Nina jirani mjane ambaye kila mwaka hupokea pishi kadhaa usiku, na alfajiri hupima zake na za wanawe kwa kibaba changu hikihiki, akampelekea mwingine. Namwona anavyopita na kifurushi chake, shingo imenyooka.

Na kwa kuwa nimemtaja jirani: mwaka huu Ramadhani na Kwaresima zimekwenda sambamba, kwa hiyo mtaani kwetu, Waislamu na Wakristo, tulikuwa wengi tuliofunga kwa pamoja, na sahani zilivuka ua kwa ua kama zamani. Mtume alimuusia sahaba wake Abu Dharri kwamba akipika mchuzi azidishe maji yake na awaangalie majirani zake. Naipenda sana hadithi hii kwa sababu imesema maji. Haikusema nunua nyama nyingine. Mwenye nusu kilo ya nyama na mchuzi uliozidishwa kata moja amewafikia watu wawili zaidi, mradi asisahau kurekebisha chumvi, na hapo mkono wa mpishi ndio utakaoonekana. Sahani kwetu hairudi tupu; ikikosa cha kutiwa, itarudi na ndimu mbili au machungwa ya Muheza, na nawaombeni jamani tusiiache desturi hiyo kwa kuhamia kwenye vyombo vya plastiki visivyorudishwa.

Nguo za sikukuu nitazipitia upesi, maana nina aibu nazo. Kuna mwaka nilichukua kwa mkopo, katika duka moja hapa mjini, nguo za watoto wote pamoja na viatu, kwa kuwa sikutaka watoto wangu wawe nyuma ya wenzao viwanjani. Mfunguo Mosi wote, na nusu ya Mfunguo Pili, nilikuwa nikipita barabara ya nyuma ili mwenye duka asinione. Aya ya 31 ya Suratul Aaraf inatuamrisha kuvaa vizuri kwenye kila ibada, ikatupa ruhusa ya kula na kunywa, kisha hapo hapo ikatukataza kupita kiasi, kwa hiyo pambo si kosa, ila nalo lina kibaba chake. Siku hizi nanunua kitambaa cha jora moja, fundi anashona magauni na kanzu zenye upindo mpana wa vidole vinne, na baada ya siku 70 hivi, Idi ya kuchinja ikifika, nafumua upindo, napiga pasi, nguo inakwenda sikukuu ya pili. Wajukuu wananung'unika, kisha wakipewa mkono wa Idi wanasahau.

Ya kesho basi. Pilau langu litakuwa vibaba sita vya mfuto, kwa watu wa nyumbani, na viwili vya tele kwa watakaobisha hodi. Nazi sita hizi ni za mchuzi wa samaki na za mkate wa kumimina: tui zito litangojea mwisho, tui jepesi litachemshia, machicha yatakwenda kwa kuku, na vifuu vya nazi za siku zilizopita nimevianika tangu juzi kwa ajili ya kupalia moto juu ya mfuniko, kwa kuwa mkaa wa masika msiutegemee. Wali utakaobaki utasagwa kidogo pamoja na mchele uliorowekwa, uwe vitumbua vya keshokutwa, kwa wale watakaofuturu baada ya kuanza mapema funga zao sita za Mfunguo Mosi. Ukoko hautabaki, hilo sina haja ya kulipanga, wapo wenyewe wanaougombania.

Kwa wale mlio mbali, Muscat, Dubai, London na kwingineko, mnaopika pilau leo katika jiko la umeme huku dirisha limefungwa kwa baridi au kwa joto, nawapa mkono wa Idi kwa maneno, na wazee wenu huku wako salama. Kwa waliofiwa katika mwezi huu, Mola awape subira. Kwa walioolewa juzi na wanataka wifi zao wajue kwamba wamefundwa, nawaonea huruma na nawapenda.

Nilikuwa nimalizie hapa, lakini nimeitwa. Mjukuu wangu wa kike, mwenye miaka sita, mwaka huu ameomba apime yeye zaka. Amekaa kwenye mkeka, mguu mmoja huku na mwingine kule, debe katikati, vifuko saba vimepangwa mbele yake. Amejaza kibaba cha kwanza, kiganja kimesimama juu ya mchele, hajui akipitishe au akiondoe.

"Bibi," ananiuliza, "hiki mfuto au tele?"

"Tele, mama. Ondoa mkono."